Chakula cha santimu 65: Marie Vassilieff na kantini ya wasanii wa Paris

Mwenyekiti wa jioni hii, walimu wangu, wasanii wenzangu, na ninyi mliopita njiani mkaona mlango uko wazi mkaingia: shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kabla ya chakula, nami nimechagua kuzungumza juu ya chakula. Picha zimetundikwa ukutani, mmeziona, na kesho mtazizungumzia wenyewe kwa kadiri zilivyowagusa. Mimi nataka kuwapeleka kwenye chumba kimoja huko Paris, mwaka 1915, wakati wa vita vikuu vya kwanza. Chumba hicho kilikuwa studio ya mchoraji, mwanamke mfupi wa kimo kutoka Urusi, jina lake Marie Vassilieff. Mchana palikuwa mahali pa kuchorea. Usiku palikuwa mgahawa. Baada ya wageni kuondoka, kochi lililoegemea ukuta ndilo lililokuwa kitanda chake.

Nilianza kumtafuta huyu mama kwa sababu ya sentensi moja. Nilikuwa nasoma habari za Modigliani, yule mchoraji wa nyuso ndefu na shingo ndefu ambaye wengi wenu mnampenda. Katikati ya ukurasa mwandishi akasema kwamba wakati wa vita Modigliani alikuwa akila kwa Marie Vassilieff. Akaishia hapo, akarudi kwenye picha. Mimi nikakwama pale. Akila kwa nani? Huyo nani alikuwa anapata wapi nyama wakati mji mzima umeingia vitani? Nani alikuwa anaosha sufuria? Nimelelewa na mama ntilie, ndugu zangu, na mtu aliyelelewa hivyo hawezi kusoma kwamba watu arobaini walikula halafu asiulize habari za jikoni.

Marie alizaliwa Smolensk, magharibi mwa Urusi, mwaka 1884. Kwao hawakuwa watu wa shida. Alipelekwa St. Petersburg kusomea udaktari, na hapohapo akawa anajifunza kuchora. Mkae na jambo hilo la udaktari, maana litarudi. Uchoraji ulimshinda nguvu, akaacha dawa, na kufikia mwaka 1907 alikuwa amehamia Paris. Huko akajifunza kwa Henri Matisse, ambaye kwa muda mfupi alikuwa na shule yake.

Mtaa alioshukia ni Montparnasse, upande wa kusini wa mto Seine. Kodi za nyumba zilikuwa chini kidogo, na studio nyingi zilikuwa vibanda vya mbao na vioo nyuma ya nyumba za watu. Waliokaa pale walitoka kila pembe: Warusi, Wapoland, Waitalia, Wahispania, Waswidi, Wayahudi wa vijijini Lithuania na Belarusi waliokimbia dhiki na chuki. Wenyeji wa Paris walikuwa na jina lao la zamani kwa wasanii wa namna hiyo, waliwaita mabohemia: watu wanaoishi kwa kubangaiza, leo wana hela kesho hawana, wanalala wanapochorea, hawajali mavazi wala saa. Jina hilo siku hizi limekuwa tamu masikioni. Ukiishi maisha yenyewe, utamu wake ni wa jioni chache sana.

Kwanza Marie aliongoza chuo cha sanaa cha Warusi. Pakatokea mivutano, akajitoa, na mwaka 1912 akawa na chuo chake mwenyewe kwenye nyumba namba 21 ya barabara iitwayo Avenue du Maine. Usidhani ni jumba. Unapita mlango wa barabarani, unaingia uchochoro uliojengewa mawe, studio ziko kulia na kushoto, na mizabibu imetambaa ukutani. Hapo ndipo mchoraji Fernand Léger alipotoa mihadhara yake miwili juu ya uchoraji mpya, mmoja mwaka 1913 na wa pili 1914, na mpaka leo wanaosoma historia ya sanaa wanaisoma. Nawaomba mzingatie: kabla ya vita, kabla ya sufuria, chumba kile kilikuwa tayari darasa la watu wakubwa, na mwenye darasa alikuwa mwanamke wa kigeni mwenye miaka thelathini hivi.

Mwezi wa nane 1914 vita vikaanza. Vijana wa Kifaransa waliitwa jeshini kwa siku chache tu, na wageni wengi wakajipanga mstari kujiandikisha. Tarehe 22 Agosti peke yake Ufaransa ilipoteza wanajeshi wapatao 27,000 kwa siku moja. Sijui kama akili inaweza kuibeba namba hiyo. Mimi huwa najaribu kuwaza mji mdogo mzima, kila nyumba, kila kiti, umebaki mtupu kabla jua halijazama.

Treni za majeruhi zikaanza kufika mijini. Marie akaenda Msalaba Mwekundu wa Ufaransa akajitolea kuwa muuguzi. Hakuna aliyemlazimisha. Hakuwa Mfaransa, hakuwa na mume vitani, na alikuwa na chuo cha kuendesha. Alichokuwa nacho ni yale mafunzo ya ujana ya St. Petersburg ambayo aliyaacha kwa ajili ya rangi. Sasa yakaja kudaiwa. Sikukuta picha ya Marie yenye kelele za ushujaa kutoka miezi ile, na nashukuru, maana kazi ya kufunga vidonda haina pozi la picha. Waliowahi kuuguza mtu wanajua: ni maji ya moto, ni vitambaa, ni kugeuza mgonjwa, ni harufu inayokufuata mpaka nyumbani.

Tuje sasa kwenye njaa, maana ndiyo iliyozaa kantini.

Vita vilipoanza, wanunuzi wa picha walitoweka. Kahnweiler, mfanyabiashara aliyekuwa akinunua kazi za Picasso, Braque, Gris na Léger, alikuwa raia wa Ujerumani. Alikuwa nje ya nchi vita vilipowaka, hakuweza kurudi, na serikali ya Ufaransa ikakamata mali yake kama mali ya adui. Kwa tendo moja hilo wasanii kadhaa walikosa soko. Wanafunzi wa kigeni waliotegemea hela kutoka kwao wakaona zimekauka. Mrusi anayengoja barua ya baba yake kupitia Ulaya iliyokatwa vipande viwili na mahandaki, atangoja mpaka lini? Modigliani alitaka kwenda jeshini, afya yake mbovu ikamkatalia. Mchoraji Soutine alikuwa hajulikani na yeyote, mwenye nguo moja. Hao wote walibaki Montparnasse, wanaona aibu kutembea barabarani wakiwa vijana wasiovaa sare, na tumbo halina kitu.

Marie alikuwa anawaona. Alikuwa anatoka kwa majeruhi anarudi kwenye uchochoro wake, na pale uchochoroni kulikuwa na majeruhi wa aina nyingine. Basi mwezi wa pili 1915 akafungua kantini ndani ya studio yake. Hakuwa wa pekee mtaani kufanya hivyo, zilikuwepo kantini nyingine chache. Lakini yake ndiyo iliyokaa kwenye kumbukumbu za watu, na nadhani najua sababu. Ngoja niwaingize ndani.

Viti havifanani. Vimenunuliwa kwenye soko la mitumba, kimoja kirefu, kingine kifupi, stuli hapa, kiti cha matete chenye mgongo mrefu pale. Ukikaa, aliye jirani yako anaweza kuwa juu yako kwa shubiri nzima. Ukutani kuna picha za Chagall na Modigliani, kuna michoro ya Picasso na Léger. Kwenye kona kuna sanamu ya mbao ya mchongaji Zadkine. Marie anazifunika taa kwa karatasi za rangi, leo nyekundu, kesho rangi nyingine, chumba kinabadilika sura bila gharama. Kona nyingine kuna pazia. Nyuma ya pazia ndiko jikoni.

Hapo nyuma ya pazia alisimama mpishi aitwaye Aurélie. Vifaa vyake: jiko la gesi lenye sehemu mbili za moto, na jiko jingine dogo la spiriti. Basi. Kwa vifaa hivyo alipika chakula cha watu arobaini na watano.

Mama zangu mlioko hapa mmeshaanza kupiga hesabu vichwani, nimewaona. Watu arobaini na watano, moto sehemu tatu, na mmoja wa spiriti ambao hauna nguvu ya kuchemsha sufuria kubwa, ni wa kuwekea kitu kisipoe. Nyumbani kwetu mama yangu alikuwa na majiko matatu ya mkaa na alilisha mafundi thelathini wa gereji. Alikuwa anaamka saa tisa usiku. Maharage yalitangulia, kwa sababu maharage hayana haraka. Yakishaiva yanatolewa, sufuria inafungwa kwa gunia na kanga kuukuu, inawekwa pembeni, inaendelea kujipika yenyewe kwa joto lake. Moto uliobaki unakwenda kwenye wali. Mchuzi unaungwa mwisho kabisa, watu wakiwa wameanza kufika, ili harufu iwakute mlangoni. Siri ya moto mchache ni mpangilio: kipi kitangulie, kipi kingoje, kipi kisimame bila moto. Sikuwepo kwa Aurélie, lakini nikisoma orodha ya alichoandaa namwona akifanya hesabu ileile. Supu inaweza kutangulia na kungoja. Nyama na mboga vinakuja baadaye. Kachumbari ya majani haihitaji moto.

Na orodha yenyewe ilikuwa hii: supu, nyama, mboga, kisha kachumbari au kitu kitamu, halafu kahawa au chai. Vyote hivyo kwa santimu 65, na santimu mia ndizo faranga moja ya Ufaransa. Mvinyo uliongezwa kwa santimu 10. Waliokula pale walisema chakula kilikuwa kizuri, kimepikwa kwa uangalifu. Mwanajeshi wa kawaida wa Ufaransa vita vilipoanza alikuwa analipwa santimu 5 kwa siku. Kwa hiyo santimu 65 zilikuwa hela yenye uzito kwa mtu asiye na kitu, lakini ukitoa faranga moja ulirudishiwa chenji. Na kwa hela hiyo hukupewa makombo, ulipakuliwa mlo kamili, sahani baada ya sahani, ukiwa umekaa chini ya picha.

Hapa naomba kusimama kidogo, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Kuna namna ya kulisha mwenye njaa inayomvunja. Mnaijua. Foleni, bakuli la bati, mtu anakutazama kuanzia miguuni. Nilipokuwa mwanafunzi wa uchoraji, muhula mmoja fedha za kujikimu zilichelewa miezi miwili. Tulipokwenda kuuliza ofisini tulijibiwa kwamba wenye njaa walikuwa na hiari ya kusomea kitu kingine. Nje ya geti alikuwepo mama ntilie mmoja. Alikuwa na daftari la kurasa mia, jalada limechanika, na kalamu imefungwa kwa uzi. Hakuniuliza nitalipa lini. Aliuliza jina, akaandika, akanipakulia kama alivyompakulia aliyelipa taslimu: kipande cha samaki kilekile, ndimu ileile pembeni. Ndimu ile ndiyo iliyonitoa machozi. Mtu anayekusaidia kwa kukuhurumia angeiacha ndimu. Yeye aliiweka kwa sababu chakula chake hakitoki bila ndimu, ale nani.

Ninaposoma kwamba Marie alikuwa anabadilisha karatasi za taa katikati ya vita, nakumbuka ndimu ile. Angeweza kutoa supu peke yake. Njaa ingetulia. Lakini alijua waliokuwa mbele yake ni watu wa macho, watu ambao kazi yao yote ni kutazama, na alitaka wakae mahali ambapo macho nayo yatakula.

Kulikuwa na tatizo la sheria. Serikali ya wakati wa vita ililazimisha mikahawa kufunga mapema, na usiku mji ukawa giza. Marie akaisajili kantini kama klabu ya watu binafsi. Mikahawa mingine ikizima taa, yake ilikuwa bado inawaka, kwa sababu kwa sheria wale walikuwa wanachama nyumbani kwao. Hivyo baada ya kula watu hawakutawanyika. Waliimba, walipiga muziki, walibishana juu ya sanaa na siasa kwa lugha nne au tano kwa wakati mmoja. Mwenye nyumba mwenyewe alikuwa hodari wa kucheza ngoma za Kirusi. Mtu aliyetoka kuosha damu mchana, usiku anacheza. Hilo halinishangazi hata kidogo. Nimeona wauguzi wetu kwenye harusi.

Waliopita pale ni orodha ambayo leo ingejaza jumba la makumbusho: Picasso, Matisse, Modigliani, Soutine, Zadkine, Juan Gris, na washairi Max Jacob na Blaise Cendrars. Trotsky pia, mwanamapinduzi wa Urusi aliyekuwa Paris kama mkimbizi wa kisiasa akiandika kwenye gazeti la Warusi waliopinga vita, mpaka Wafaransa walipomfukuza mwaka 1916. Na vita vikaanza kurudisha watu vipande vipande. Mchoraji Kisling alijeruhiwa 1915 akiwa katika jeshi la wageni. Mwezi wa tisa mwaka huohuo Cendrars akapoteza mkono wa kulia huko Champagne, mkono aliokuwa akiandikia, akajifunza kuandika kwa wa kushoto. Léger alikuwa mbeba machela. Zadkine naye akaenda kubeba majeruhi, akarudi mapafu yameharibiwa na gesi ya sumu. Kwa hiyo muuguzi Vassilieff na mpakuaji Vassilieff wakawa wanawaona watu walewale. Mtu uliyemuaga akiwa na mikono miwili anaingia tena pale mlangoni, anatafuta kiti, na wewe unafikiria ukae upande gani umkatie nyama bila kumwaibisha.

Sasa nije kwenye usiku mmoja ambao kila anayeandika juu ya Montparnasse lazima ausimulie.

Georges Braque, aliyeunda kubismu pamoja na Picasso, yaani ule uchoraji unaovunja vitu vipande vya pembepembe, alipigwa kichwani karibu na Carency mwezi wa tano 1915. Walimtoboa fuvu kumwokoa. Kwa muda hakuona. Kupona kulichukua mwaka na zaidi. Ilipofika mwanzo wa 1917 rafiki zake wakataka kumfanyia karamu ya kumkaribisha duniani, na mahali palipochaguliwa ni studio ya Marie. Tarehe ni 14 Januari 1917, katikati ya baridi kali, vita havijaisha, makaa ya mawe ni ya kutafuta kwa tochi. Wageni zaidi ya thelathini wakaketi.

Kulikuwa na jambo la kuepusha. Beatrice Hastings, mwandishi Mwingereza aliyekuwa mpenzi wa Modigliani, sasa alikuwa na mtu mwingine, mchongaji Mwitalia Alfredo Pina, na wote wawili walikuwa wamealikwa. Marie akamwomba Modigliani usiku ule asije. Alijua Modigliani akilewa anakuwaje. Mwenye mgahawa yeyote hapa anaelewa uzito wa ombi hilo: unampenda mteja wako, umemlisha miezi na miezi, na leo inakubidi umzuie mlangoni kwa usalama wa wengine.

Karamu ikaanza. Braque na mkewe Marcelle wakavishwa mataji ya majani. Bata mzinga akaletwa, na Matisse, mtu mzima kuliko wote pale, mwenye miwani na heshima zake, ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kumkata. Basi katikati ya shangwe mlango ukafunguka. Modigliani amekuja, na nyuma yake kundi la wachoraji na watu wanaokaa kuchorwa, ambao hawakualikwa. Pina akachomoa bastola akamwelekezea.

Hebu tazameni chumba. Mnakijua sasa, nimewaonyesha viti vyake. Hakuna pa kukimbilia. Kuna mtu aliyetobolewa fuvu amekaa na taji kichwani. Kuna Cendrars wa mkono mmoja. Hawa ni watu waliokwisha kusikia risasi za kutosha. Aliyetangulia kuinuka ni Marie. Huyu mwanamke mfupi alimsukuma Modigliani mpaka nje, chini ya ngazi, na Picasso na mchoraji mwenzake Ortiz de Zárate wakafunga mlango kwa ufunguo. Risasi haikutoka. Karamu ikaendelea hadi usiku wa manane.

Wanaosimulia kisa hiki husimulia kwa ajili ya Modigliani na bastola. Mimi nakisimulia kwa ajili ya ile hatua mbili tatu kutoka mezani hadi mlangoni. Ukiwa mwenye nyumba, hatari ikiingia, miguu yako inakwenda yenyewe kwa sababu wageni ni wako. Na Marie baadaye aliuchora usiku ule. Mchoro huo upo: Matisse ameshika bata mzinga wake, Braque na taji lake, Cendrars na mkono wake uliokosekana, Pina na bastola, Modigliani mlangoni. Naye amejichora, amesimama kati ya wageni wake.

Mwaka huo wa 1917 ulimletea mtoto wa kiume, Pierre. Na ulileta mapinduzi ya Urusi. Serikali mpya ya Lenin ilipojitoa vitani, kila Mrusi aliyekuwa Ufaransa akawa wa kutiliwa shaka, na mwanamke ambaye nyumbani kwake Trotsky aliwahi kula alikuwa na shaka mara mbili. Kantini ikafika mwisho. Marie akawekwa kizuizini huko Fontainebleau. Yule aliyejitolea kuuguza askari wa nchi hiyohiyo, aliyelisha wasanii wake vita vizima, akafungiwa kama mtu hatari. Mtoto wake mchanga alichukuliwa na Fernand Léger na mpenzi wake Jeanne wakamtunza. Nasema hili taratibu kwa sababu linaniuma. Lakini pia natazama nani alibisha hodi kumchukua mtoto: ni yule aliyetoa mihadhara mwaka 1913 katika studio ileile, yule aliyekula pale. Daftari la Marie halikuwa na namba za hela tu.

Alipoachiliwa alirudi kazini. Miaka ya 1920 alijulikana zaidi kwa wanasesere wake: sanamu ndogo za vitambaa, ngozi na waya, zenye sura za watu halisi wa mji ule, mpaka Josephine Baker, mcheza dansi maarufu, alitengenezewa wake. Alibuni mavazi ya dansi na samani. Mgahawa mkubwa wa La Coupole ulipofunguliwa Desemba 1927, nguzo zake zilichorwa na wasanii wa mtaa, na yeye alikuwa mmoja wao. Ukienda leo zipo. Watu wanakula chini yake, na bei si santimu 65. Miaka ya mwisho aliishi katika nyumba ya kutunzia wasanii wazee huko Nogent-sur-Marne, akafa hapo mwaka 1957 akiwa na miaka 73.

Uchochoro wa namba 21 haukubomolewa, ingawa mtaa uliuzunguka kwa maghorofa. Mwaka 1998 studio ikafanywa makumbusho ya Montparnasse, na baadaye ikapewa jina lake kabisa, Villa Vassilieff. Mawe yapo, mizabibu ipo. Nilipofika nilisimama nikijaribu kukisia pazia lilikuwa upande gani.

Nina la kukiri, kisha nitaketi. Maonyesho yangu ya kwanza niliandaa hotuba ya shukrani. Nilimshukuru mwalimu, mfadhili, mwandishi wa habari, rafiki aliyekopesha gari. Mama wa daftari sikumtaja. Sikumsahau. Niliona haya kusema mbele ya wageni kwamba picha zile zote zilichorwa na mtu aliyekula kwa mkopo. Miaka ikapita. Baada ya kusoma habari za Marie nilirudi pale getini. Mama alikuwa amezeeka, amekaa kwenye stuli, na binti yake ndiye aliyekuwa anapakua. Nikajitambulisha. Akanitazama kitambo, akasema, "Wewe ulikuwa hupendi ukoko." Nikamuuliza kama nina deni. Akasema daftari liliishia kuwashia moto, tena siku nyingi. Nikanunua samaki. Ndimu ilikuwepo.

Mwenyekiti, naambiwa chakula kiko tayari. Waliokipika wako nyuma ya ukuta huu tangu alfajiri, watu wanne, na nimepita kuwaona: wana majiko matatu. Meza ya mbele imeandikwa wageni rasmi. Naomba, kwa ruhusa yako, waitwe waje waketi hapo na aproni zao kama zilivyo, na sisi wengine tuingie jikoni tukachukue miiko, tuwapakulie wao kwanza.